Shamba la Kuazima Halipandwi Mti

Katika kijiji cha Kalundwe, kando ya barabara iendayo Inyonga, mtu akiazima shamba hapandi mti. Hakuna anayefundishwa jambo hilo. Kila mtu amelijua tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Panda mahindi, panda karanga, panda viazi; ukishavuna umemalizana na ardhi. Mti hauna kumalizana. Mti ukisimama mahali misimu mitatu unaanza kusema hapo ni kwao. Kwa hiyo mwenye shamba akiona mche umechomekwa kwenye ardhi aliyoiazimisha, huung'oa siku ileile, bila makelele, na aliyeupanda hasemi kitu.

Mwanamke mmoja aitwaye Sikujua alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Na bado ni mti uliomnyang'anya bonde.

Bonde lenyewe alilifyeka mumewe, Lyamba, walipokuwa wapya katika ndoa. Lilikuwa na udongo mweusi unaoshika maji mpaka kiangazi kinakaribia kwisha. Upande wa juu walilima maharage na viazi, upande wa chini mpunga. Lyamba alikuwa mrina asali. Siku moja alipanda mti mrefu wa mtundu kuteremsha mzinga, tawi likamwangusha, akaletwa nyumbani kwenye machela ya fito. Aliishi jua moja tu baada ya hapo. Alimwachia Sikujua binti mmoja, Matilda, na lile bonde.

Matanga yalipokwisha, Nashon, mdogo wake marehemu, alikuja na maneno ya kurithi mjane. Aliyasema mbele ya ndugu, ameketi, mguu juu ya mguu, kama mtu anayekuja kuchukua koti lake alilolisahau.

"Shemeji," Sikujua alimjibu, "mimi kuolewa nimechoka. Acha nimlee mtoto."

Nashon alicheka, lakini kicheko kilimkwama kwenye meno. Tangu siku ile akawa mwema kwake kwa namna ambayo haikumpendeza. Alimsalimu kwa sauti kubwa kila akimkuta penye watu. Faraghani hakumsalimu kabisa.

Shule ya kijiji ilikuwa upande wa pili wa bonde, juu kwenye changarawe. Sikujua hakusoma. Baba yake alimweka shambani kufukuza nyani, na nyani hawana likizo. Akiwa anapalilia bondeni aliwasikia watoto wakiimba jedwali la kuzidisha, naye jembe lake likafuata mdundo wao, mbili mara mbili, mbili mara tatu, mpaka akalijua lote bila kujua linasaidia nini. Matilda alipoanza shule, Sikujua alimshonea sare kwa kitenge alichobadilisha kwa kuku, akakata kitambaa vibaya, bega moja likawa juu ya lingine. Matilda aliivaa hivyohivyo. Hakuwa mtoto wa kulalamika, wala hakuwa mtoto wa kusema uongo. Mama yake alimlea hivyo, kwa fimbo na kwa neno.

Mwaka wa tisini na tatu ukaja mradi. Wageni walifika na gari jeupe kutoka Mpanda mjini, wakakaa kivulini na walimu, wakasema shule itakuwa mfano wa kilimo kisichochosha udongo. Watoto watajifunza mboji na makinga maji, watawafundisha wazazi, na mazao yatapikiwa uji wa mchana. Lilikuwa jambo zuri. Hata leo, ukimwuliza Sikujua, atakwambia lilikuwa zuri. Shida ni kwamba kwenye changarawe ya shule hata magugu yalikuwa yamekata tamaa.

Basi kamati ya shule ikateremka kwa Sikujua. Mbele alikuwa mwalimu wa shamba, Stanslaus, Mfipa mwembamba aliyesukuma baiskeli kuliko alivyoipanda. Nyuma yake alikuja mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti alikuwa Nashon.

"Mama Matilda," alisema mwalimu, "tunaomba nusu ya juu ya bonde. Nusu ya chini, yenye mpunga, inabaki kwako."

"Mpaka lini, mwalimu?"

"Mpaka kijiji kitupatie eneo letu lenye maji."

"Kijiji hiki? Kikitoa kitu, mimi nitaota ndevu."

Watu wakacheka, na Nashon akacheka kuwapita wote. "Shemeji, basi anza kutafuta wembe!"

Alikubali. Si kwa ajili ya Nashon wala ya gari jeupe. Alikubali kwa sababu watoto walikuwa wakirudi mchana na midomo myeupe ya njaa, na Matilda alikuwa mmoja wao. Balozi wa nyumba kumi akaitwa kuwa shahidi. Sikujua akapiga jembe la kwanza yeye mwenyewe, kama anavyofanya mwenye ardhi, kisha akampa mwalimu mpini. Lilikuwa azimo, kila mtu aliliona kuwa azimo.

Mavuno ya kwanza watoto walimletea kapu. Huo nao ni utaratibu wa Kalundwe: aliyeazima hupeleka kwa mwenye ardhi kapu la mazao ya mwanzo. Kodi siyo, maana kapu moja halimshibishi mtu. Ni kusema tunakukumbuka. Mwenye ardhi humwaga yaliyomo, na kapu halirudi tupu. Hutiwa mbegu kidogo, maana yake endeleeni kulima. Likirudi tupu, maana yake nirudishieni shamba langu, na mtu haulizi mara mbili.

Walikuja wakiimba, darasa zima, Matilda mbele na kapu kichwani, limejaa mchicha, nyanya na maharage mabichi. Nyanya zilikuwa kubwa kama ngumi. Sikujua alipiga vigelegele kwenye mlango wake mwenyewe. Akatia ndani ya kapu maharage ya mbegu, yale yenye mistari myekundu. Mbegu hiyo alipewa na rafiki yake Générose, mama wa Kirundi wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, aliyekuwa akija Kalundwe kuuza maharage kila anapopata kibali cha kutoka. Darasa likarudi likiimba. Siku ile Sikujua alijisikia kama na yeye amesoma kidogo.

Mwaka uliofuata ndipo ilipokuja miche.

Sikujua alikuta vishimo vimechimbwa kwenye kingo za makinga maji, na watoto wamepanga mstari, kila mmoja na mche wa lusina kwenye kifuko cheusi. Aliweka mzigo wake wa nyasi chini.

"Mwalimu, hapo mti haupandwi."

"Kwa nini, mama?"

"Shamba la kuazima halipandwi mti."

Stanslaus alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Alitabasamu. "Mama Matilda, huu usiuhesabu kuwa mti. Majani yake tunayakata, tunayafukia, udongo unashiba. Chukulia ni mboji iliyosimama wima."

"Mboji haina mizizi, mwalimu."

Angeweza kuing'oa palepale. Mikono yake ilikuwa tayari. Lakini Matilda alikuwa wa kwanza kwenye ule mstari, kiranja wa shamba, ameukumbatia mche wake kama mtoto mchanga. Akamwangalia mama yake, bega moja la sare juu ya lingine. Wenzake wote walikuwa wanatazama.

"Mama," alisema taratibu, "kila mtu amepewa wake. Mimi nitaambiwa nini?"

Sikujua akajitwisha nyasi zake, akaondoka. Miche ikapandwa.

Générose alipokuja na maharage yake, waliketi nyuma ya jiko wakichambua mboga, akasimuliwa. Akaacha kuchambua.

"Dada, hukuing'oa?"

"Ni ya watoto."

"Ya watoto! Mimi nilikotoka tuliacha migomba, tukakimbia na nguo za mwilini. Aliyeikuta leo anasema babu yake ndiye aliyeipanda. Na mgomba hata mti siyo." Akatema kokwa la zambarau. "Wewe unampandisha mtu kitandani kwako, halafu unamwombea asilale."

"Générose, mdomo wako huo."

"Mdomo wangu umenilisha. Wako umekulisha nini leo? Shika, chambua."

Wakacheka, na mambo yakapita. Ila kiangazi kilipokuja shule ikafungwa, watoto wakatawanyika, na miche ikaanza kunyong'onyea. Majani yalijikunja. Mche wa Matilda ulikuwa wa mwisho kabisa pembeni, palipo pakavu. Matilda mwenyewe alikuwa amepelekwa kwa mama yake mdogo Mpanda mjini, mtaa wa Shanwe, kusaidia kulea.

Sikujua angeiacha ife. Asingelaumiwa na mtu. Jua halina kesi. Kila asubuhi alipita hapo na ndoo akienda kwenye mpunga wake, akaangalia pembeni. Halafu asubuhi moja akamwagia mche wa Matilda. Mmoja tu, alijiambia. Kesho yake ule wa jirani ukaonekana kama unamnung'unikia. Mpaka likizo inakwisha alikuwa anaimwagilia yote, mgongo unamwuma, watu wanapita juu barabarani wanamwona. Nashon naye alipita akamwona. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alimsalimu wakiwa wawili tu.

"Kazi njema, shemeji. Mungu atakulipa."

Lusina ni mti wa haraka. Ilimpita Matilda kimo kabla mtoto hajamaliza darasa la sita. Kisha Stanslaus akahamishwa, akapelekwa huko Ufipa, akaja kuaga na baiskeli yake ileile. Gari jeupe likafika mara moja zaidi, watu wake wakapiga picha, halikuonekana tena. Uji wa mchana ukawa wa siku mojamoja, kisha ukawa hadithi. Na mavuno ya msimu ule, kapu halikuja.

Sikujua alisubiri. Alifagia mlango. Alipoona vitalu vya miche ya tumbaku vimetengenezwa upande wa juu wa bonde, kando ya maji, alikwenda kwa Nashon mwenyewe.

"Shemeji, sikuona kapu."

Nashon alikuwa anakunja kamba. Hakuinua macho. "Kapu la nini tena? Mtu hujipelekea kapu mwenyewe? Pale ni pa shule. Mradi umeondoka, kamati imenipa nipatunze."

"Pale ni kwangu. Niliazimisha."

"Uliazimisha pasipo mti. Palipo na mti leo, muulize mwenye mti."

Sikujua akalipeleka jambo kwa wazee. Hakuogopa. Balozi alikuwapo siku ya jembe la kwanza, kijiji kizima kiliona kapu likibebwa kwa nyimbo. Na kama ni habari ya mti, aliyeupanda wa kwanza ni mtoto wake wa kumzaa. Wazee wakapanga kukutana bondeni kwenyewe, maana kesi ya mti husikilizwa mtini. Aliyepanda hushika shina kwa mkono wake, aseme mbele za watu mti ni wa nani. Wanasema mkono ukishika shina ulimi haupindi.

Asubuhi ya siku hiyo Matilda alikuwa anavaa sare. Sikujua alisimama mlangoni akamwangalia. Maneno yalimjaa kinywani: sema ni wa mama. Maneno machache tu. Lakini alikuwa amemchapa mtoto huyu kwa uongo mdogo kuliko huo, wa kipande cha nyama kwenye chungu.

"Ukiulizwa," alisema, "sema ukweli tu."

Aliamini kwamba ukweli ulikuwa wake.

Watu walijaa. Balozi alisema ndiyo, lilikuwa azimo, alishuhudia mwenyewe. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Moyo wa Sikujua ukatulia. Ndipo Nashon akasimama, mpole, mikono nyuma.

"Wazee wangu, azimo sikatai. Ila nauliza. Mwenye shamba akiona mti kwenye shamba aliloazimisha, anafanya nini?"

"Anaung'oa," watu wakajibu.

"Huyu shemeji yangu aling'oa?"

Watu wakamgeukia Sikujua.

"Mimi nilimwona kwa macho haya, kiangazi, anaumwagilia. Si mmoja. Yote! Nikamwambia kazi njema. Na nyie mliopita barabarani mlimwona. Au nimeota?"

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza. Hakuna aliyeweza kusema hakuona. Sikujua akasema, "Ilikuwa ya watoto. Ilikuwa inakufa." Sauti yake ikatoka ndogo kuliko alivyotaka.

Wazee wakamwita Matilda. Akaenda hadi kwenye lusina ya pembeni, akaushika mti wake. Ulikuwa mnene sasa kama mkono wa mtu mzima. Mzee mmoja akamwuliza, "Nani aliupanda?"

"Mimi."

"Nani alikupa mche?"

"Mwalimu Stanslaus."

"Basi sema, mwanangu, usiogope. Mti huu ni wa nani?"

Matilda akamtafuta mama yake kwa macho. Sikujua alimtikisia kichwa, kama kumwambia sema, sema tu. Na mtoto akajibu kwa sauti ya darasani, wazi, kama walivyofundishwa kujibu mgeni wa mradi kila anapouliza:

"Ni wa shule."

Akaachia shina. Alipoona uso wa mama yake ndipo alipoelewa kilichotokea, akafunika mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Nusu ya juu ikawa ya shule, na ya shule ilikuwa mkononi mwa Nashon. Nusu ya chini waliiacha kwa Sikujua, wakaona wametenda haki. Msimu huohuo Nashon akaziba mfereji ili maji yabaki kwenye vitalu vyake, na mpunga ukaungua ukiwa na mimba. Miti ya shule, ile mboji iliyosimama wima, aliikata akaikaushia tumbaku. Kwa siku kadhaa moshi wa bani lake, kile kibanda cha kukaushia, ulipita juu ya nyumba ya Sikujua, na kila alichopika kikawa na ladha yake. Alikwenda kuona. Pale pembeni kilibaki kisiki. Lusina haifi kwa kukatwa. Kisiki kilikuwa kimeshachipua. Aliyakwanyua yale machipukizi yote, moja moja, hakubakiza. Yalichipua tena. Hakurudi.

Hakumpiga Matilda. Hakumtukana. Aliacha tu kumwita mwanangu. Akawa anamwita kwa jina. Walikula sahani moja, wakatazama sahani. Mara moja tu, wakiwa wanakoka moto, Matilda alisema, "Mama, uliniambia niseme ukweli."

"Nilikwambia."

"Sasa kosa langu liko wapi?"

Sikujua alipuliza moto mpaka machozi yakamtoka, na moshi ukapewa lawama.

Lilipotoka jibu la mtihani wa darasa la saba, hakuna mtoto wa Kalundwe aliyechaguliwa. Matilda akapanda lori akaenda kwa mama yake mdogo Shanwe. Mama yake alimsindikiza mpaka barabarani, akampa mahindi ya kuchoma, akamwambia, "Nenda salama, Matilda." Huko mjini aliolewa na fundi mwashi, Josephat, kijana mtulivu. Salamu zilikuja kwa midomo ya wasafiri, na salamu zilirudi kwa njia hiyohiyo, fupi fupi.

Sikujua alibaki analima changarawe karibu na shule, ardhi ambayo shule yenyewe iliikataa. Yale maharage ya mistari hayakuota pale. Kwa hiyo kila mwaka alipanda kiganja kimoja nyuma ya jiko, akamwagia maji ya kuoshea vyombo, akavuna kiganja kimoja na kidogo, akakihifadhi kwenye kibuyu chenye majivu. Hakuyala. Alikuwa anailinda mbegu isife, ingawa hakuwa na mahali pa kuipanda. Générose alimcheka. "Dada, unafuga maharage kama mbuzi." Lakini alipoondoka alikishika kile kibuyu kidogo, akakirudisha taratibu mahali pake.

Mwaka wa tisini na tisa, baada ya mvua kukatika, lori lilimshusha mwanamke barabarani, mtoto mgongoni, kapu kichwani. Sikujua alikuwa anaanika mihogo. Alimjua kwa mwendo kabla hajamwona uso, maana bega moja lilikuwa juu ya lingine, ingawa gauni lilishonwa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Matilda hakuingia ndani. Alipiga magoti pale mlangoni, akalitua kapu miguuni kwa mama yake. Lilikuwa na mchicha, nyanya, na bamia changa. Nyanya zilikuwa kubwa kama ngumi.

"Za wapi?" aliuliza Sikujua.

"Nyuma ya nyumba tuliyopanga. Uwanja mdogo tu, kama mikeka miwili. Nilichimba nikafukia majani na takataka za jikoni, kama tulivyofundishwa." Akalisogeza kapu mbele kidogo. "Ni mavuno ya mwanzo, mama. Sijauza hata moja."

Sikujua alilitazama lile kapu. Misimu yote ile alikuwa ameusubiri mlango huu uletewe kapu na shule, na kamati, na kijiji. Hakuna aliyeleta. Aliyeleta alikuwa yule pekee ambaye hakuwa na hata shubiri ya ardhi yake.

Aliinama akamwaga yaliyomo kwenye ungo. Akabaki ameshika kapu tupu. Matilda alikuwa bado amepiga magoti, anatazama mikono ya mama yake, na mtoto mgongoni alianza kulia. Kapu likirudi tupu maana yake inajulikana. Na bonde lilikuwa kule chini, kijani kwa tumbaku ya Nashon, na hakuna kapu wala machozi ambayo yangelirudisha.

Sikujua akaingia jikoni. Akatoka na kibuyu, akakipindua juu ya kapu, akakigonga kitako mpaka majivu ya mwisho yakatoka pamoja na punje za mistari myekundu. Kibuyu kikabaki kitupu kabisa.

"Yapande karibu na maji," alisema. "Na ukiwa umepanga, mwanangu, usipande mti."